Nilivyowapata ndege wa Mida mwezi wa Aprili

Mara ya kwanza nilipokwenda Mida, ule mkono wa bahari karibu na Watamu, kutazama ndege nilirudi Mombasa na tope hadi magotini na orodha ya ndege wanne, mmoja wao kunguru. Ilikuwa katikati ya Machi. Nilijihimu, nikapanda matatu ya Malindi, nikashuka kabla tu ya Gede, na ilipotimia saa nne asubuhi nilikuwa mwisho wa lile daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko. Mbele yangu tope tupu, linameremeta kama bati jipya. Mbali huko kwenye ukingo wa maji, vidoa vidoa vinatembea. Darubini yangu inakuza mara nane. Vidoa vikawa vidoa vikubwa kidogo. Nikavua viatu nivifuate. Sikufika hatua thelathini, mguu wa kulia ukazama, na vidoa vyote vikaruka kwa pamoja.

Mzee mmoja aliyekuwa akichimba chambo aliningoja hadi nikajinasua. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii bamvua. Saa hizi utaona tope tu. Njoo maji yakirudi, ukae kitako, watakuja wenyewe."

Niliona haya. Mimi ni mtoto wa Pwani, bamvua naijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuihusisha na ndege. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku hizo hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Maji yakipwa, ndege wana uwanja mzima wa kulia kaa na minyoo, basi wanatawanyika. Yakijaa, uwanja unafunikwa kidogo kidogo, nao wanasukumwa kuja upande wa mikoko. Mimi nilikuwa nimechagua saa mbaya kuliko zote.

Nikangoja mwezi uandame tena, katikati ya Aprili. Mvua ya masika ilinikuta Kilifi ikaniacha hapo hapo. Nikalipa kiingilio (pesa hizo husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo sikunung'unika), na kufikia saa saba na nusu nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha mwisho wa daraja, jua mgongoni, mbu wa mikoko miguuni.

Saa nzima hakuna kitu. Kisha sululu mmoja, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, akapita na ule mluzi wake wa harakaharaka, na nyuma yake maji. Hayaji kwa wimbi. Unaona tu kwamba shimo la kaa ulilokuwa ukilitazama halipo. Wakafuata ndege waitwao wala-kaa, weupe kwa weusi, mdomo mnene kama nyundo ya kufulia chuma. Mmoja alikamata kaa mita ishirini kutoka kwangu, akambwaga, akamdona, akambwaga tena, halafu akammeza. Hawa wakihama kwenda kuzaa hawaendi mbali sana: huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, na huchimba mashimo mchangani na kutaga yai moja humo, jua lisiliunguze. Wengi walikwisha ondoka.

Niliowafuata hasa ni chamchanga, ndege wadogo wa pwani wanaohama. Novemba wote ni kijivu na kahawia, na mimi nilikwisha kata tamaa ya kuwatofautisha. Aprili wamevaa manyoya ya kuzalia. Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, mdogo wa gramu 60 hivi, alikuwa mwekundu kama tofali kuanzia shingo hadi tumboni. Mwenzake bado ana mabaka ya kijivu, kama kanzu iliyoishiwa kitambaa. Waliobaki kijivu kabisa ni wa mwaka jana, na hawa aghalabu hawaendi. Hubaki hapa hapa mwaka mzima. Wekundu wana safari ya Siberia, kaskazini kabisa, wakazae theluji inapoyeyuka. Yule wa miguu ya rangi ya machungwa na mdomo uliopinda juu nilimjua kwa mbio zake tu, anakimbiza kaa kama kuku. Kuna wengine wawili, wa mdomo mfupi na kifua chekundu, mkubwa na mdogo wake, ambao bado nabahatisha. Sikuwaandika.

Saa kumi na mbili kasorobo, chamchanga kama thelathini walianza kulia wote kwa mpigo. Wakapaa, wakazunguka mara mbili juu ya mikoko, wakazidi kupanda. Ndege anayetafuta pa kulala haendi juu hivyo. Niliwafuata kwa darubini, kaskazini, hadi mkono ukaanza kutetemeka na sikujua tena kama naona ndege au vumbi la kioo.