Nilivyowapata wauza sarafu wa kuaminika kwa kipato cha kawaida

Nilipoanza kukusanya sarafu za kale za Afrika Mashariki nilikuwa mfanyakazi wa kawaida wa Dar es Salaam, na jambo lililonisumbua zaidi halikuwa ninunue sarafu gani bali ninunue kwa nani. Huku kwetu sarafu hazina mtaa wake. Ziko kwa masonara, katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Mombasa, kwa vijana wanaotangaza mitandaoni, na kwa wazee waliorithi kopo la senti zenye tundu. Kila mmoja ana bei yake na maelezo yake, na mnunuzi mgeni hana njia ya kumpambanua mkweli na mbabaishaji.

Njia niliyoitumia ilikuwa kuuliza maswali mawili ambayo majibu yake nilikuwa nimekwisha kuyasoma. La kwanza lilihusu shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, yaani sehemu 250 katika 1000, na kuanzia zile za 1948 fedha iliondolewa kabisa, zikawa za shaba na nikeli. Basi nilikuwa nikiokota shilingi ya 1950 kutoka kwenye sahani ya muuzaji na kumuuliza kwa upole kama ni ya fedha. Wengi walijibu bila hata kuitazama: “Fedha tupu hiyo, kaka.” Mzee mmoja wa Mombasa aliipokea, akaisogeza karibu na miwani yake, akausoma mwaka, kisha akairudisha sahanini. “Hii haina fedha, mwanangu. Ukitaka ya fedha tafuta ya 46 kurudi nyuma, na hata hiyo ni robo.” Mzee huyo alikuwa amejinyima mauzo kwa hiari yake, na tangu siku hiyo nimenunua kwake bila kubishana sana juu ya bei.

Swali la pili lilihusu riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini ziliendelea kupigwa chapa Vienna na katika miji mingine hata katika karne ya 20, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani ya Bahari ya Hindi walizizoea na hawakupenda kupokea nyingine. Riale moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha halisi ndani yake ni takribani gramu 23.4. Kwa hiyo bei ya riale ya kawaida mtu anaweza kuikokotoa kwenye simu akiwa amesimama dukani, kwa kuchukua bei ya fedha ya siku hiyo kwa gramu na kuizidisha. Muuzaji anayeanza kwa kusema kwamba riale yake ina zaidi ya miaka mia mbili na hivyo bei ni mara nne ya hapo, ama hajui anachokiuza ama anategemea kwamba mimi sijui. Sikuona haja ya kubishana na mtu wa namna hiyo. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Ni haki kusema kwamba wengi wa hao si matapeli. Sonara, kwa mfano, anaijua fedha kuliko mtu yeyote sokoni lakini sarafu haimhusu, na ndiyo sababu kwake nilipata bei nzuri kuliko kokote. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina gramu 11.66 za fedha ya sehemu 917 katika 1000. Sonara huiweka kwenye mizani mbele ya macho yangu, hutaja bei ya uzito wake, na mwaka ulioandikwa juu yake haumshughulishi. Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, nilimwomba asiisugue kwenye jiwe lake la kupimia, kwa sababu alama hiyo haifutiki. Pili, rupia nyingi zilizofika kwa masonara ziliwahi kuvaliwa shingoni kama mapambo, kwa hiyo nilizoea kuugeuza ukingo taratibu kwenye mwanga, hasa juu ya kofia ya Kaisari, nikitafuta doa la risasi ya kulehemu mahali palipokuwa na kipete. Rupia yenye doa hilo inafaa kununuliwa kwa bei ya fedha yake tu, wala si zaidi.

Zanzibar kazi ilikuwa tofauti. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash, yenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ni sarafu inayopatikana kwa urahisi na bei yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba maduka yanayowalenga watalii huzing’arisha kwa dawa ya kusafishia vyombo vya shaba, na sarafu iliyong’arishwa hupoteza thamani kwa mkusanyaji. Chini ya kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, na unga mweupe wa dawa umeganda katikati ya herufi za Kiarabu. Nilipomweleza mwenye duka mmoja kwamba ninataka zile ambazo hazijaguswa, alicheka, akainama chini ya meza na kutoa mfuko wa pesa nyeusi alizokuwa akiona aibu kuziweka mbele. Aliniuzia kwa bei ya chini kuliko zile zinazong’aa, na kila akipata mzigo mpya hunipigia simu kabla hajaanza kuzisugua.

Wapo pia waliojiondoa wenyewe katika orodha yangu. Mtu akininong’oneza kwamba anazo sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, mazungumzo yetu huishia hapo, hata kama ni za kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa Tanganyika kabla ya 1863 kuwa mali ya kale, na biashara yake inahitaji kibali. Muuzaji asiyejali hilo hatajali pia kuniuzia ya bandia.

Kwa sarafu ambazo sikuzipata huku niligeukia wauzaji wa Ulaya, nikianza na wanachama wa vyama vyenye masharti ya kudhamini uhalisi, kama chama cha kimataifa cha IAPN kilichoanzishwa 1951 na cha Uingereza cha BNTA. Agizo la kwanza nililifanya dogo kwa makusudi: senti 10 ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla mwaka haujaisha. Ni ya bei ndogo mno, kwa hiyo nilichokuwa nikipima ni mwenendo wa muuzaji: kama picha ni ya sarafu ileile, kama kasoro zimetajwa, na kama anajibu barua ya mteja mdogo. Gharama ya posta ilizidi bei ya sarafu, na tangu hapo huagiza pamoja na rafiki mmoja ili tugawane. Mnadani pia huhesabu ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika sehemu ya tano ya bei, kabla sijataja dau langu.

Heller 20 ya Tabora, sarafu ndogo ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, niliiacha hadi nilipokuwa na mtu wa kumuuliza. Sarafu hizo zilipigwa 1916 katika karakana ya reli, wakati koloni limezingirwa na meli kutoka Ujerumani haziwezi kufika, na ubovu wa kazi hiyo ya haraka unafanya ya bandia na ya kweli zikaribiane machoni pa anayeanza. Uzito nao unatofautiana kati ya moja na nyingine, kwa hiyo mizani haisaidii sana. Muuzaji niliyemzoea kwa senti za bei ndogo alinitumia picha za tatu, akanionyesha tofauti ya ukubwa wa taji, akanishauri nichukue ile yenye ufa mdogo ukingoni kwa kuwa bei yake ingenifaa. Ndiyo niliyoinunua, na stakabadhi yake inautaja ufa huo.