Hiace ya 1998: pua imeshushwa, thamostati imerudi

Jumamosi. Nimeshinda Nyakato, hapa Mwanza, chini ya gari. Mbele ilikuwa ikigonga kila tairi likiingia shimoni, na shokapu mpya za mwaka jana hazikusaidia kitu. Leo nimeona kwa nini.

Hiace hii mbele inabebwa na tosheni baa, vyuma viwili virefu vinavyojipinda. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikaza boliti zake hadi pua ikanyanyuka. Wengi wanaamini hivyo gari linabeba zaidi. Hapana, chuma ni kilekile na ugumu wake ni uleule. Linaloongezeka ni kimo tu, na mkono wa juu unaoshika gurudumu ukawa karibu unagusa mpira wa kikomo, kwa hiyo tairi halikuwa na pa kushukia. Ndio mlio wenyewe, na nahisi ndio uliomaliza bolijointi za juu (viungio vya gurudumu) pia.

Nilipaka alama ya rangi, nikaweka gari kwenye stendi magurudumu yaning'inie, nikalegeza mizunguko mitano kulia na minne kushoto. Bushi (mipira ya maungio) za mikono ya juu nimeweka mpya. Boliti zake sikuzikaza gari likiwa juu. Nililishusha kwanza, likakaa kwenye uzito wake, ndipo nikakaza. Ukikaza juu, mpira unashikwa ukiwa umepinda, na gari likishuka unasokotwa kila siku mpaka uchanike. Hapa msimsikilize fundi mwenye haraka.

Jumatatu, alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

Jumatano. Injini, 3L ya dizeli. Asubuhi ilikuwa ikitoa moshi mweupe muda mrefu na mshale wa joto haufiki mahali pake, ila nikipanda kilima na mzigo inachemsha. Nilifungua nyumba ya thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, nikakuta tupu.

"Kaka, Mwanza hii na joto lake, ya nini tena?" fundi akaniuliza.

Nikamwonyesha ile sahani ya chini ya thamostati mpya. Thamostati ikifunguka, sahani hiyo inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mpya imeandikwa 82, yaani nyuzi joto za kufungukia. Niliichemsha kwenye sufuria na kipimajoto, ikaanza kufunguka kwenye nyuzi hizohizo. Fundi alikaa kuitazama mpaka mwisho, akaomba tuirudie.

Alhamisi. Kisesa na kurudi, nikiwa na magunia kumi ya dagaa kutoka Mwaloni. Mshale haukutikisika. Mbele kimya kabisa, na sasa nasikia springi ya nyuma kushoto ikilia. Jumamosi nafungua yuboliti zinazofunga springi kwenye ekseli niangalie senta boliti, ile ya katikati inayoshika vyuma vyake pamoja, na mkanda wa taimingi nitabadilisha mwezi huu, maana hakuna aliyeandika ulifungwa lini.