Kajumba kangu ka vitu 200

Jana nimekaa masaa matatu nasogeza kabati. Sio kabati la kweli, la kwenye gemu, Final Fantasy XIV, na hayo masaa yote sijapigana na dubwana hata moja wala sijagusa misheni, wenzangu wananiita twende tukapige bosi nawajibu ngojeni kidogo tu namalizia, kidogo ikafika usiku wa manane. Na kabati lenyewe bado limekaa upande.

Najua ambaye hajawahi kuwa na nyumba kwenye hizi gemu za onlaini ataniona sina akili nzuri. Haikuongezei nguvu wala haikupi upanga, na karakta wako halali, sasa kitanda cha nini? Mi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka nilipoanza kuhangaika kutafuta kiwanja.

Kwenye gemu hii viwanja viko mitaani, kila mtaa una 60 basi, na kiwanja ukishakichukua wewe hakuna mwingine anayekipata hadi ukiachie. Watu ni wengi kuliko viwanja. Zamani ulikuwa unasimama mbele ya kibao cha kiwanja unabofya, unabofya, maana muda wa kuanza kuuzwa ulikuwa siri, watu wamejazana hapo kama kumbikumbi kwenye taa, mara paap kimeenda kwa mwingine. Tangu 2022 wakaleta bahati nasibu, siku 5 za kuweka jina na siku 4 za matokeo, unatoa bei nzima kabisa mwanzoni na ukikosa unarudishiwa gil zako, yani pesa za humo ndani ya gemu. Nikakosa mara sita. Ya saba nikapata kiwanja kidogo, kile cha gil milioni 3 na ushee, na sikuamini, nilipita kwenye kile kibao mara kama nne hivi kusoma jina langu.

Halafu ndio unakumbushwa kwamba usipoingia ndani ya nyumba yako siku 45 inabomolewa. Kuingia kwenye gemu peke yake haitoshi, lazima upite mlangoni. Kwahiyo ukipumzika mwezi mmoja na nusu umerudi kuwa mtu wa chumba, maana kuna chumba cha kununua kwa gil 500,000 ambacho hakibomolewi, ila ni chumba tu na hakuna uwanja wa nje. Mi kuna kipindi nilibanwa na kazi nikaja kukumbuka siku ya 41, nilifungua gemu kwa wasiwasi kama mtu aliyeacha jiko linawaka, nikaingia mlangoni, nikatoka, nikazima.

Watu wanailalamikia sana hii sheria na nawaelewa, ila haikuanza leo. Ultima Online, gemu ya 1997, hawa ndio wazee wa mambo haya, nyumba zilijengwa porini kabisa kwenye ramani ile ile ya kila mtu, ardhi ikaisha, na nyumba isiyohudumiwa na mwenyewe ikawa inachakaa hatua kwa hatua mpaka inaanguka. Ikikaribia kuanguka watu wanaizunguka wanasubiri, ikidondoka tu vitu vyote vinabaki chini na ni kugombania, yani kuna watu walikuwa wanaishi kwa kazi hiyo, kuzunguka ramani kutafuta nyumba zilizo mahututi. Mwanzoni kabisa hata ufunguo wa nyumba ulikuwa kitu cha kubeba, ukiibiwa begi umeibiwa na nyumba.

Na hao hao wazee ndio walionifundisha kupamba bila hata kujuana nao. Gemu yao haikuwa na piano. Wakatengeneza piano, kwa kupanga bodi za chesi na nguo zilizokunjwa juu ya nyingine mpaka jicho likakubali kwamba hii ni piano. Ukishaelewa hiyo piano umeelewa ujanja wote wa fani hii, wala hauhitaji kunisoma tena mimi.

Maana shida ya kajumba kadogo ni idadi. Nilipokapata ndani mwisho ilikuwa vitu 200, juu na chini ya ardhi pamoja. 200 unaona nyingi, ngoja uanze. Mshumaa ni kimoja, kikombe ni kimoja, ukuta wa kugawia chumba nao ni kimoja, na ukitaka kujenga ghorofa ya uongo kwa vile vipande vya mbao unakuta 30 zimeenda na hujaweka hata kiti. Ndio unaanza kufikiri kifundi, hili kabati nikiligeuza mgongo linakuwa ukuta, rafu ikisimama kwenye kona inakuwa nguzo, zulia moja linafunika ile sehemu mbaya ambayo ngazi haikukutana na sakafu. Jikoni kwangu kuna meza tatu zimeingiliana ili tu ionekane kaunta moja. Ukizunguka nyuma yake ni aibu tupu, na ndio maana nyuma nimeziba na mmea mkubwa, ambao ni kitu cha 187.

Kuna gemu zisizokubana hivyo. The Elder Scrolls Online walileta nyumba mwaka 2017, kila mtu ana ya kwake kivyake, haigombaniwi na haibomolewi, na unaruhusiwa kuwa nazo nyingi. Nikajinunulia jumba kubwa lenye ukumbi na bustani. Nikaweka kitanda, mishumaa miwili na sanamu mlangoni, nikaondoka. Mpaka leo lipo vile vile. WildStar ilikuwa na mfumo mtamu kuliko wote kwa maoni yangu, unapewa kisiwa chako angani, kitu unakikuza, unakipunguza, unakiinamisha unavyotaka, ila ile gemu ilizaliwa 2014 ikazimwa 2018, na visiwa vya watu vyote vikaenda nayo. Waliowahi kupiga picha za skrini ndio wenye kumbukumbu.

Na World of Warcraft wamekuja kwenye nyumba mwishoni mwa 2025, baada ya miaka zaidi ya 20, wakaahidi hakuna bahati nasibu na kila anayetaka anapata, halafu bado wamekuweka mtaani na majirani. Hapo wamepatia. Jirani ndio kitu ninachokosa kwenye lile jumba langu kubwa la Elder Scrolls. Huku kwenye kajumba jirani wa mkono wa kulia ana mgahawa feki, sijawahi kuongea naye zaidi ya kupungiana mkono, lakini alipobadilisha taa za nje nami nikabadilisha, akaweka mti, nikaweka mti. Hatujawahi kukubaliana kwamba ni mashindano.

Mlangoni nimeweka kitabu cha wageni. Juzi nimekuta ujumbe wa mtu nisiyemjua, ameandika amezunguka mtaa mzima amekaa kwenye kochi langu la chini kusikiliza muziki kidogo kabla ya kulala, halafu mwishoni: kabati la jikoni limekaa upande, au ni macho yangu?

Sasa unaelewa yale masaa matatu. Nimebakiza vitu 4.