Kusimama Beer-sheba

Somo: Mwanzo 46:1–7

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe kwenu.

Yakobo alikuwa mzee wa miaka 130 alipofunga safari ya Misri na kila alichokuwa nacho. Njaa ilikuwa imemfikisha mahali ambapo nafaka inanunuliwa kwa fedha, inaliwa, na fedha inatafutwa tena, na huko mbele Yusufu alikuwa ameshawaandalia watoto chakula na mahali pa kukaa. Hata hivyo mzee hakupitiliza. Alisimama Beer-sheba, akamtolea dhabihu Mungu wa baba yake Isaka. Nililisoma somo hili kwa miaka mingi bila kujiuliza alisimama kwa nini, mpaka tulipohama kisiwani.

Tazameni alikotoka. Babu yake Ibrahimu alishuka Misri wakati wa njaa akapatwa na matata, na baba yake Isaka alikatazwa waziwazi asishuke. Yakobo alijua kwamba anaiacha nchi ya ahadi, na kwamba sababu ya kuiacha ni shibe ya watoto. Usiku ule Mungu akamwambia asiogope kushuka, neno ambalo huambiwa mtu mwenye hofu moyoni.

Baadhi yenu mnapafahamu tulikotoka. Wilaya nzima ya Kalangala, nchini Uganda, ni visiwa, 84 kwa jumla, ndani ya Ziwa Victoria. Wakazi wa Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote, wana kivuko cha Bukakata na meli ya Nakiwogo, lakini sisi wa visiwa vidogo tulitegemea mtumbwi wa injini, na bei ya kila kitu ilianzia kwenye petroli ya injini hiyo. Unga wa mahindi, sabuni, madaftari, mabati ya nyumba, vyote vililipiwa nauli kama abiria kabla ya mwenye duka kuongeza ya kwake. Hata sangara tuliyemvua wenyewe alipakiwa kwenye barafu kwenda viwandani bara, nasi jioni tukala dagaa.

Bei hizo tungeendelea kuzivumilia. Kilichotuondoa ni asubuhi ya mtihani wa darasa la saba, wa binti yetu mkubwa. Kituo cha mtihani kilikuwa kisiwa kingine, kwa hiyo watoto walivuka kabla ya alfajiri, ziwa likiwa limechafuka. Penseli na rula alizifunga kwenye mfuko wa plastiki, akazisukumia ndani ya boya kifuani zisilowe. Alifika zikiwa kavu, ila yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka nywele, na mikono ilimtetemeka hata hakuweza kuandika jina lake kwa mwandiko wake wa kila siku. Usiku huo mume wangu, ambaye hajui kazi nyingine tangu ujana ila uvuvi, aliniambia kwamba atauza nyavu, kwa sababu nyuma ya binti huyo walikuwapo wengine wawili.

Wazee wa Ssese, kama visiwa vyetu vinavyoitwa, waliwahi kuhamishwa, karibu na mwaka 1909, serikali ya kikoloni ilipoamuru watu waondoke visiwani kwa ajili ya homa ya malale. Wao waliondolewa kwa amri. Anayeondoka kwa hiari yake hana wa kumlaumu, na naamini ndiyo maana anahitaji Beer-sheba kuliko mtu mwingine yeyote.

Beer-sheba ya kwetu ilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Godoro na masufuria yalikuwa yameshapakiwa, na nahodha akihimiza kwa sababu upepo ulikuwa unakaribia, mama mkwe aliposema kwamba hatuondoki hivi hivi. Nahodha alizima injini, akavua kofia, akasimama majini magotini akiushika mtumbwi. Mama mkwe aliwawekea watoto mikono vichwani mmoja mmoja, akiwataja majina, akimwomba Bwana ashuke pamoja nao kama alivyomwahidi Yakobo. Kuhusu shule hakuomba neno. Aliomba wasiisahau njia ya kurudi. Yeye alibaki, na mpaka leo hataki kuhama.

Yakobo aliishi Misri miaka 17, akawaona wajukuu wakiongezeka na kushiba katika nchi ya Gosheni. Lakini siku zake zilipokaribia kwisha alimwapisha Yusufu asimzike huko, bali amchukue akamlaze pamoja na baba zake. Mama mkwe hutupigia simu kila Jumapili jioni, na kabla ya kusali huwauliza wajukuu majina ya miamba ya pale mwaloni, naye mdogo ameanza kukosea.

Wiki hii tuziombee familia mbili za kikundi chetu cha Kiswahili ambazo zitavuka kabla ya muhula kufunguliwa. Wanaoweza kufika mapema siku hiyo wafike, tusimame nao mwaloni kabla injini haijawashwa.