Zimwi libaki pangoni: kuwasimulia watoto Odisei

Kila anayetaka kuwasimulia watoto wadogo tenzi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, hukutana mapema na swali la damu. Iliadi, utenzi wa vita vya Troy, ina mistari zaidi ya 15,000 na Odisei zaidi ya 12,000, kwa hiyo kufupisha hakuepukiki. Hakuna mtoto wa miaka sita atakayekaa kitako kwa urefu huo. Hata hivyo, kufupisha ni jambo moja na kulainisha ni jingine, na vitabu vingi vya watoto ninavyovifungua huyachanganya mawili hayo.

Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1808 Charles Lamb, ambaye tayari alikuwa amewasimulia watoto tamthilia za Shakespeare akishirikiana na dada yake Mary, alitoa jijini London masimulizi ya safari za Odysseus, shujaa wa Odisei anayerudi kwao kutoka vita vya Troy. Mchapishaji wake, William Godwin, aliusoma mswada akashtushwa na kisa cha pangoni, ambamo Polyphemus, zimwi lenye jicho moja, huwatafuna mabaharia wa Odysseus na, likisha kulewa, hutapika. Lamb alikubali kuyaondoa matapishi lakini akatetea mengine, akimjibu kwamba anayetaka kitabu kisichoshtua hata kidogo asingechagua hadithi iliyojaa walaji watu. Naona alipatia kotekote: matapishi hayaongezi chochote, ilhali hofu ya mle pangoni ndiyo hadithi yenyewe.

Tazama kisa kilivyojengwa. Mlango umezibwa kwa jiwe ambalo, asema Odysseus, magari 22 ya magurudumu manne yasingelisogeza. Yeye na wenzake wakiliua zimwi usingizini watafia humo humo, maana hakuna mwingine awezaye kulisukuma jiwe hilo. Ndiyo sababu wanalitoboa jicho na kuliacha hai. Msimuliaji anayeligeuza zimwi kuwa jinga la kuchekesha, lisilomla mtu yeyote, hana tena namna ya kukieleza kile kigingi cha mzeituni kilichochomwa motoni, na mtoto mwerevu atauliza kwa nini wageni wamemtoboa jicho mwenye nyumba aliyewakuta wamekula jibini yake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ndiyo inayoachwa mara nyingi. Kulipokucha, zimwi lisiloona linakaa mlangoni na kupapasa migongo ya kondoo wanaotoka kwenda malishoni, bila kutambua kwamba chini ya matumbo yao wamefungwa watu. Kondoo dume mkubwa anatoka wa mwisho, kaelemewa na Odysseus aliyeng'ang'ania manyoya yake. Polyphemus anamshika na kumuuliza kwa upole mbona leo amechelewa, yeye ambaye kila siku huwatangulia wenzake majanini na mtoni. Au anasikitikia jicho la bwana wake? Nilipomsomea binti yangu kipande hicho, aliacha kushangilia, akataka kujua nani sasa atawachunga kondoo wale. Jibu la Homer si la kubembelezea mtoto: kondoo wanapakiwa melini, mabaharia wanagawana, na yule dume anachinjwa ufukweni awe sadaka kwa Zeus, mkuu wa miungu. Nilimweleza hivyo hivyo, naye akakata shauri kwamba Odysseus ni mwizi. Sikumpinga.

Kingine kisichofaa kukatwa ni majigambo ya Odysseus akiwa melini. Amekwisha kuokoka, wenzake wanamsihi anyamaze, naye anajitangaza kwa jina lake, la baba yake na la kisiwa cha kwao, Ithaca. Ndipo Polyphemus anapopata jina la kumpelekea baba yake Poseidon, mungu wa bahari, akiomba mtu huyo asifike kwao kamwe, au akifika, achelewe, awe amepoteza wenzake wote, apande meli ya wengine na akute balaa nyumbani. Balaa hilo lote linampata, na masimulizi yanayokomea kondoo wanapotoka pangoni hayawezi kueleza kwa nini.

Nami nina makato yangu. Wajakazi 12 wanaonyongwa baada ya kuuawa wanaume waliokuwa wakimposa Penelope, mke wa Odysseus, nawaacha hadi mtoto akue. Iliadi naisimulia kwa vipande, nikianza na kile cha kitabu cha sita ambapo Hector, shujaa wa Troy, anamnyooshea mikono mwanawe mchanga, mtoto analia kwa kuiogopa kofia ya vita yenye kishungi cha singa za farasi, wazazi wanacheka, na Hector anaivua na kuiweka chini kabla ya kumbeba. Farasi wa mbao aliyetumiwa kuiteka Troy, ambaye watoto wengi humuulizia, hamo katika Iliadi, kwani utenzi huo unaishia kwenye mazishi ya Hector. Kisa chake kinaimbwa na mwimbaji Demodocus katika kitabu cha nane cha Odisei, na anayekitaka akitafute huko.