Siku Mwenzangu Alipopinduka

Wimbi lililompindua mwenzangu wala halikuwa kubwa. Lilimpiga ubavuni alipogeuka kunisemesha, na kufumba na kufumbua nikawa natazamana na mkuku, yaani uti wa chini, wa kayaki yake, kile chombo chembamba cha kasia cha mtu mmoja.

Nikasubiri ainuke. Bwawani alikuwa akijipindua na kurudi bila taabu, kunishinda mimi. Ubapa wa kasia ukatokeza, ukafagia maji kutoka omo, yaani mbele ya chombo, kwenda nje, vizuri kabisa, kisha kichwa kikaibuka. Hapo nikajua atarudi chini. Kichwa ni kizito, hutakiwa kiwe cha mwisho kutoka: nyonga ndizo hugeuza chombo, kiwiliwili hufuata, shavu likiwa bado limelalia bega. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu anayetafuta hewa! Akazama tena, na mara nikaona viganja vikipigapiga ubavu wa kayaki, ishara ya kuomba omo yangu aishikilie ajiinue. Nilikuwa mbali. Akavuta kitanzi cha sketi ya kuzuia maji, ile inayoziba tundu la kukalia, akachomoka.

"Usiiachie kayaki, dada!" Kayaki tupu hukimbizwa na upepo kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuogelea.

Nikaipandisha omo yake juu ya sitaha yangu, vyombo vikakaa kama herufi T. Nyuma ya kiti kuna ukuta, kwa hiyo ukiinua omo kayaki ikiwa kifudifudi, maji karibu yote humwagika. Nikaigeuza, nikaiweka ubavuni mwangu omo yake ikielekea tezi yangu, yaani nyuma, nikailalia kwa uzito wote. Akajaribu kupanda wima, miguu ikamponyoka chini ya chombo.

"Lala juu ya maji kwanza, ndipo upige miguu."

Akaja kwa tumbo juu ya sitaha ya nyuma, akaingiza miguu, akajigeuza taratibu akakaa. Sikumwachia mpaka alipofua maji yaliyobaki kwa pampu na kufunga sketi.

Wapo wanaoudharau uokozi wa namna hii, eti mjuzi hujiinua mwenyewe. Wawindaji wa Kiinuit, wenyeji wa Greenland waliowinda kwa kayaki, walilazimika kujiinua, maana kwa baridi ile kutoka chomboni ilikuwa kifo. Sisi tulikuwa wawili, na mimi siku hizi naifanyia mazoezi ile T kuliko kitu kingine.

Tulipofika kwenye maji ya kiunoni alinitaka nisimame nimshikie omo yangu aiegemee. Akajipindua, akajiinua kwa nyonga tu, shavu juu ya mikono, tena na tena, mpaka mimi ndiye nikaanza kutetemeka kwa baridi.