Mzee Alisimama, Ikaja Sabuni

Kuna sentensi moja ya mama yangu ambayo nimekaa nayo miaka mingi, na leo, kwa kuwa mvua haitaki kukatika na sina pa kwenda, nimeona niiandike. Alinipigia simu kutoka Morogoro saa sita na nusu usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa amekwisha kulala, nami nilikuwa bado nyuma ya ukumbi jijini Dar es Salaam nikisaidiana na mafundi kukunja nyaya. Hata shikamoo yangu hakuisubiri imalizike. "Mwanangu," aliniambia, "yule mzee nilimwona akisimama tu, halafu ikaja sabuni."

Usiku ule zilikuwa zimetolewa tuzo za muziki za kitaifa, na sisi ndio tuliokuwa tukizirusha mubashara. Sitataja mwaka wala kituo, kwa sababu wapo wenzangu ambao bado wanapata riziki yao pale, na pia kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia halikuwa la kituo. Nilikuwa msaidizi wa mwongozaji. Kazi hiyo haina zulia jekundu. Unakaa ndani ya gari la matangazo lililoegeshwa nyuma ya ukumbi, kwenye baridi ya kiyoyozi kinacholinda mitambo na si watu, umevaa hedifoni, mkononi una saa ya kuhesabia sekunde, na mbele yako kuna karatasi ya mtiririko inayosema kila jambo litaanza saa ngapi na litachukua muda gani. Mwongozaji huangalia picha. Wewe unaangalia muda. Yeye husema "kamera ya pili", wewe unasema "zimebaki sekunde 20", na mwisho wa usiku sauti inakuwa imekauka ingawa hukupata kusema jambo lolote la maana.

Mtazamaji wa nyumbani hudhani sherehe inatokea ukumbini na televisheni inaitazama tu. Ukweli ni kwamba ukumbi na televisheni ni sherehe mbili zilizofungwa kamba moja, na kila moja inavuta kwake. Ukumbini watu wanataka kusalimiana, kukumbatiana, kurudia wimbo uliowafurahisha. Ndani ya gari kuna saa mbili na nusu zilizokwisha kugawanywa, mapumziko ya matangazo ya biashara ambayo yamelipiwa na hayasogei, na kipindi kingine kinachosubiri mlangoni. Kipengele kimoja cha tuzo, kikienda vizuri, hula dakika tatu: kuwataja wanaowania pamoja na vipande vya nyimbo zao, kufungua bahasha, makofi, mshindi kutoka kwenye kiti chake hadi jukwaani, shukrani, kisha kuondoka. Kati ya hayo yote, linalokula muda bila mtu kulitambua ni ile safari ya kutoka kwenye kiti. Ndiyo maana nyota wanaotazamiwa kushinda huketishwa mbele, karibu na ngazi. Watu huona ni heshima, na ni heshima kweli, ila sisi tulikuwa tunaihesabu kwa sekunde.

Wanamuziki wa bendi waliketishwa nyuma.

Kufikia katikati ya sherehe tulikuwa tumechelewa dakika sita. Dakika hizo zilipotelea wapi nazikumbuka moja moja, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Msanii mmoja kijana, mwenye jina kubwa wakati huo, alifika ukumbini baada ya zamu yake kupita, ikabidi tumsogeze mbele na kumjazia mshereheshaji maneno ya kuvuta muda. Mwingine aliimba kwa kufuatisha wimbo uliorekodiwa, na mtambo ukakwama katika ubeti wa pili, ikalazimu kuanza upya. Kisha mwakilishi wa mdhamini mmoja alipewa dakika moja ya salamu, akatumia nne na sekunde kumi. Hapo mwongozaji alinigeukia, akainua nyusi, nami nikainua zangu. Hakuna aliyethubutu kumkata mdhamini.

Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa jinsi tuzo zetu zinavyosimama juu ya wadhamini. Tuzo kubwa tulizozoea, zilizoanza mwaka 1999, zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro, na watu walifupisha wakaziita "Kili" tu, kana kwamba neno lenyewe maana yake ni ushindi. Diamond Platnumz alipoondoka na tuzo saba kwa mpigo mwaka 2014, mjini watu walisema "kazoa Kili saba", na kila mtu alielewa. Baada ya mwaka 2015 zikasimama. Mwaka ukapita, ukapita na mwingine, na hazikurejea hadi mwaka 2022, chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Katika miaka ile mitupu nilijikuta nakumbuka hata baridi ya lile gari.

Narudi kwenye dakika sita. Mwongozaji aliniuliza swali fupi: "Tunapunguza wapi?" Alikuwa na haki ya kuniuliza, kwa sababu karatasi ilikuwa mikononi mwangu. Nilishusha kidole kwenye orodha. Kulikuwa na onyesho la wimbo uliokuwa ukitamba, haligusiki. Kulikuwa na msanii bora wa kiume, haigusiki kabisa. Kulikuwa na kipengele cha bendi, muziki wa dansi. Kidole kikasimama hapo, na mdomo ukasema, "Bendi. Tutaje wanaowania, tufungue bahasha, mshindi akisimama tu tunakwenda kwenye matangazo ya biashara. Jukwaani watamalizana wenyewe." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi. Hapakuwa na aliyebisha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kidole kilisimama pale, na jibu halinipendezi. Sikuchukua dakika mahali zilipokuwa nyingi; nilizichukua kwa mtu ambaye nilijua hatalalamika. Mashabiki wa kijana yule wangejaza simu za kituo kabla hata sherehe haijaisha, meneja wake angekuja hadi kwenye mlango wa gari, na mdhamini angeandika barua. Wazee wa bendi hawana meneja wa kugonga milango. Wana mtu kama mama yangu, na mama yangu alikuwa na namba moja tu ya simu ya kulalamikia, nayo ilikuwa yangu.

Ili mtu aelewe kwa nini mama alikuwa macho hadi saa ile, inabidi ajue namna alivyoupata muziki wa dansi. Alikulia Morogoro katika miaka ambayo Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa jina la mji huo, kwanza na bendi ya Morogoro Jazz, baadaye na Super Volcano. Baba yake hakumruhusu kwenda dansini hata siku moja. Alichokuwa nacho ni redio. Bendi zilikwenda kurekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na mama, akiwa jikoni, alijifunza kumtambua mpiga gitaa kwa vidole vyake kabla mtangazaji hajamtaja. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi miaka ya 1990. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Marijani Rajab, ambaye watu walimwita Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, televisheni ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutambaa. Hivyo kizazi cha mama kilipenda sauti ambazo nyuso zake hakikuziona, au kiliziona kwenye majalada ya santuri, zimechapwa kwa wino hafifu. Tuzo za muziki kwenye televisheni, kwake yeye, hazikuwa mashindano hata kidogo. Zilikuwa nafasi ya kumwona mtu aliyemsikia tangu ujanani akitembea kwa miguu yake kutoka mahali fulani hadi mahali fulani.

Na mimi nilimpa kusimama tu.

Wapo watakaosema kwamba hali hii si ya kwetu peke yetu, na ni kweli. Tuzo za Grammy za Marekani zilianza mwaka 1959, na hazikurushwa mubashara hadi mwaka 1971. Hadi leo sehemu kubwa ya vipengele vyake hutolewa mchana, katika hafla nyingine inayotangulia, ambayo wenye intaneti huweza kuifuatilia. Usiku wa televisheni hubakiwa na vipengele vichache na maonyesho mengi. Mwaka 2024, walipokuwa na vipengele 94, walitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya wimbo bora wa Kiafrika, akaipata Tyla wa Afrika Kusini; naye pia aliipokea katika hafla ile ya mchana. Bara zima la Afrika lilishangilia jambo ambalo matangazo makuu ya usiku hayakuwa na nafasi nalo. Siwalaumu sana. Wao walau wamekubali waziwazi kwamba vitu vyote haviingii, wakajenga ukumbi wa pili na kuuwekea kamera. Sisi tulijifanya kwamba vyote vinaingia, kisha tukakata gizani.

Jambo ambalo mama hakulijua, na ambalo sikumwambia usiku ule, ni kwamba mimi nilimwona yule mzee hadi mwisho. Matangazo ya biashara yanapokwenda hewani, ndani ya gari picha za ukumbini hazizimiki. Kila kamera inaendelea kuonekana kwenye kioo chake kidogo. Mwongozaji alichukua nafasi hiyo kunywa maji. Wengine walitoka kunyoosha miguu. Nilibaki na saa yangu, nikahesabu kwa mazoea. Alitumia sekunde 58 kutoka meza ya nyuma hadi kwenye ngazi, kwa sababu kila meza aliyoipita ilikuwa na mtu wa kumshika mkono. Shati lake lilikuwa la kitenge, limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama kama karatasi. Alipofika kwenye kipaza sauti hakukishika. Aliweka mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesoma shairi, akatafuta kamera ya kuzungumza nayo.

Kila kamera ina taa ndogo nyekundu inayowaka pale picha yake inapokuwa hewani. Wasanii wachanga wanaijua taa hiyo kuliko wanavyowajua majirani zao. Mzee akaichagua kamera ya tatu, iliyokuwa imemwelekea uso kwa uso. Taa yake ilikuwa imezimika. Akazungumza nayo hivyo hivyo, kwa adabu, hadi alipomaliza, na nikasimamisha saa: sekunde 41. Tangazo la sabuni lilikuwa bado linaendelea.

Wiki ile nzima sikupata raha. Siku ya nne nilimfuata fundi wa kurekodi, nikamwomba anitafutie picha za kamera ya tatu, kwa kuwa kila kamera ilikuwa ikirekodiwa peke yake mbali na kile kilichokwenda hewani. Aliniuliza za nini. Nikamwambia ni za mama. Aliniangalia kidogo, akachukua flashi yangu bila kuuliza tena, na jioni yake ilikuwa mezani kwangu. Nadhani utaratibu haukuturuhusu. Nalisema sasa kwa kuwa fundi huyo amekwisha kustaafu.

Mwisho wa mwezi nilisafiri kwenda Morogoro. Baada ya chakula niliweka kompyuta mpakato juu ya meza, nikaegemeza kioo kwenye birika la chai ili asilazimike kuinama. Sikumweleza kitu. Picha ilianza mzee akiwa bado mbali, kichwa kimoja kati ya vichwa vingi, na mama akavaa miwani. Alipoanza kupita kati ya meza, mama aliniambia nisogeze nyuma, nikasogeza. Akatazama upya. Akaniambia nisogeze nyuma tena, nikasogeza. Mara ya tatu akaacha aendelee hadi jukwaani.

"Amekonda," alisema, kana kwamba aliwahi kumwona akiwa mnene.

Mzee akaweka mikono nyuma, akaangalia kwenye kamera, yaani akamwangalia mama moja kwa moja, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Hamjambo huko majumbani?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya khanga, akaivaa tena. "Hatujambo, baba," akamjibu.